Bei ni Maelewano, Lakini Maelewano ya Nani?

Ukipita Gikomba, Kongowea au soko lolote lile la humu nchini, utaisikia kauli moja isiyo na mwenyewe: bei ni maelewano. Muuzaji hutaja bei yake, mnunuzi naye akataja yake, wakavutana, wakacheka, wakanuniana kidogo, na hatimaye wakakutana katikati. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Anayehisi kuonewa hufunga kibeti chake akaenda kwa jirani, na muuzaji, kwa kuwa anajua jirani yupo, hupunguza shilingi tano kabla mguu haujainuka. Uwezo huo wa kwenda kwa jirani ndio ngao ya pekee aliyo nayo mnyonge sokoni.

Hata hivyo, yapo maelewano ya aina nyingine. Chukulia kwamba muuzaji na jirani yake wamekutana jana usiku wakakubaliana kuwa kuanzia leo hapana atakayeuza chini ya bei fulani. Mnunuzi atafunga kibeti chake, atakwenda huku na huku, na kila aendako ataikuta bei ile ile ikimngoja. Hayo nayo ni maelewano. Neno ni lile lile, bali vitendo viwili hivyo vimeachana kama ardhi na mbingu.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mwanasheria wala mwanauchumi. Wanafunzi wangu wa mofolojia wanafahamu kwamba kuelewa ni tendo awezalo kulitenda mtu mmoja, ilhali kuelewana ni kauli ya kutendana, na kauli hiyo haikamiliki mpaka tujue ni nani na nani. Swali hilo dogo la sarufi ndilo, kwa maoni yangu, kiini cha Sheria ya Ushindani ya nchi hii: bei hii ni maelewano ya nani na nani? Ya muuzaji na mnunuzi, au ya wauzaji wenyewe kwa wenyewe, mnunuzi akiwa nje ya mlango? Ya wenye nguvu sawa, au ya mmoja mwenye kalamu na mwingine mwenye shida?

Naandika makala haya kwa sababu niliwahi kuulizwa swali hilo na mtu wa damu yangu, nami nikalijibu vibaya.

Shangazi yangu anaishi Makueni. Mwenye kulijua eneo hilo anajua pia msiba wake: maembe huiva yote kwa pamoja, bei ikaanguka, na mengine yakaozea chini ya miti. Mwaka 2015 shangazi alinunua mashine ya kukaushia matunda kwa mkopo wa chama chao cha akina mama, akaanza kukausha maembe na kuyatia katika vifuko. Mali ilikuwa nzuri. Baada ya kuhangaika kwa muda, alipata nafasi katika duka moja kubwa la kujihudumia jijini Nairobi, na kijiji kizima kikashangilia. Mwaka 2018 alinijia na mkataba mikononi. Ulikuwa na kurasa kumi na tisa, zote za Kiingereza.

“Mwanangu,” aliniambia, “wewe umeisomea lugha mpaka mwisho wake. Hebu nisomee hapa nijue kwa nini wananikata fedha zangu.”

Niliusoma. Ulisema kwamba mnunuzi atalipa baada ya siku tisini. Ulisema kwamba muuzaji atachangia gharama ya kila tawi jipya litakalofunguliwa. Ulisema kwamba bidhaa ambazo hazikununuliwa zitarudishwa kwa gharama ya muuzaji, hata kama zilikaa stoo bila kupangwa rafuni. Ulisema pia kwamba mnunuzi anaweza kubadilisha masharti yoyote kwa hiari yake pekee. Nilimfasiria kila kifungu, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa na kama ninavyofundisha. Kisha nikafunga karatasi zile, nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye elimu: “Shangazi, umekwisha kutia sahihi. Hapa hakuna la kufanya.”

Alinishukuru, akarudi Makueni. Mwaka uliofuata aliiuza mashine yake ili kumaliza mkopo wa chama.

Ilinichukua miaka mitano kugundua kwamba nilimdanganya, ingawa si kwa kukusudia. Mnamo Desemba 2023 magazeti yalitangaza kwamba Mamlaka ya Ushindani ya Kenya imeitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour humu nchini adhabu ya Sh1.1 bilioni kwa kutumia vibaya nguvu zake za mnunuzi dhidi ya wauzaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Uamuzi huo ulipingwa kwa njia ya rufaa, kama ilivyo haki ya kila mlalamikiwa, na mambo ya rufaa nawaachia mawakili. Kilichonishtua mimi ni maelezo ya makosa yenyewe. Nilipoitafuta sheria na kuisoma, niliyakuta mle, moja baada ya jingine, mambo niliyoyaona katika mkataba wa shangazi: kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kumtwika muuzaji gharama zinazompasa mnunuzi, kurudisha bidhaa bila sababu. Marekebisho yaliyoyaharamisha matumizi hayo mabaya ya nguvu za mnunuzi yalipitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika Januari 2017. Shangazi alinijia mwaka 2018. Sheria ilikuwepo. Mwenye haki alikuwepo. Hata msomi alikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kati yetu aliyejua kwamba jambo lile lina jina na kwamba jina lake ni kosa.

Tuitazame kidogo historia ya sheria hii, maana haikuzuka jana. Sisi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990 tunaikumbuka orodha ya bei za serikali iliyobandikwa dukani, pamoja na hofu ya mwenye duka aliposikia kwamba ofisa wa bei yu njiani. Enzi hizo serikali ndiyo iliyosema unga ni shilingi ngapi na sukari ni shilingi ngapi. Sheria iliyotungwa mwaka 1988 ilichanganya mambo mawili katika chungu kimoja: udhibiti wa bei kwa upande mmoja, na upingaji wa ukiritimba na mienendo ya kuziba biashara kwa upande wa pili. Utekelezaji wake uliwekwa chini ya Wizara ya Fedha, na mwenye kauli ya mwisho alikuwa waziri. Kisha likaja wimbi la soko huria. Bei zikafunguliwa moja baada ya nyingine. Mafuta ya petroli nayo yakafunguliwa Oktoba 1994. Orodha za bei zikabanduliwa ukutani.

Waliozibandua walituahidi kwamba ushindani utafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na ofisa wa bei. Ahadi hiyo ilikuwa na maana, lakini ilikuwa na sharti lake: ushindani wenyewe uwe na mlinzi. Soko lisilo na mlinzi haliwi huru. Huwa shamba lisilo na ua, na anayefaidika ni mwenye ng'ombe wengi. Tulikaa muda mrefu bila mlinzi wa kutosha. Sheria ya Ushindani ilitungwa mwaka 2010 na kuanza kufanya kazi Agosti 2011, ikaunda Mamlaka yenye kujisimamia pamoja na Baraza la Ushindani la kusikiliza rufaa.

Tangu hapo sheria hiyo imekuwa ikirekebishwa mara kwa mara, na kila mara imeongezewa meno. Kampuni inayovunja masharti yake yaweza kutozwa faini inayofikia asilimia kumi ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia humu nchini. Wanaokula njama ya kupanga bei wanaweza kushtakiwa kortini na kufungwa hadi miaka mitano. Mwanachama wa njama anayetangulia kuungama na kutoa ushahidi aweza kusamehewa adhabu, yote au sehemu yake, na huo ni mtego mzuri, kwa maana wezi huaminiana mpaka mmoja aanze kushuku kwamba mwenzake amekwenda kusema. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliyafafanua zaidi makosa ya mnunuzi mwenye nguvu na kutaja mambo ambayo lazima yawemo katika mkataba wake na muuzaji: masharti ya malipo, tarehe ya kulipa, riba ya kuchelewesha, jinsi ya kubadilisha au kuvunja mkataba, na namna ya kutatua migogoro. Mwaka 2024 ilitolewa rasimu ya marekebisho mengine yenye shabaha ya kuzifikia biashara zinazoendeshwa kwa mitandao ya kidijitali.

Siwezi kusema kwamba meno hayo ni ya mapambo. Mwaka 2014 Mamlaka iliiamuru Safaricom iwaache mawakala wa M-Pesa wawahudumie pia washindani wake, baada ya kampuni ya Airtel kulalamika. Machi 2020, maradhi ya Korona yalipobisha hodi, duka la Cleanshelf liliamriwa kuwarudishia wateja fedha walizotozwa zaidi katika dawa ya kutakasia mikono. Mnamo Desemba mwaka uo huo maofisa waliingia bila taarifa katika afisi za watengenezaji wa vyuma vya ujenzi, na Agosti 2023 kampuni tisa zikatozwa jumla ya Sh338.8 milioni kwa kuelewana kuhusu bei na kupunguza bidhaa sokoni. Ndugu msomaji, ikiwa ulijenga hata choo cha mawe katika miaka ile, basi nondo ulizonunua zilikuhusu katika kesi hiyo, ingawa pengine hukuwahi kuisikia.

Na hapo ndipo penye donda. Sheria hii, kinyume na ile ya zamani ya ofisa wa bei, haimtumi askari kila duka. Ni kweli kwamba Mamlaka ina uwezo wa kuanzisha uchunguzi yenyewe, lakini kwa sehemu kubwa hutegemea mtu aseme: mshindani alalamike, mwanachama wa njama aungame, mlaji apige kelele, muuzaji mdogo aonyeshe mkataba wake. Kwa ufupi, ni sheria inayofanya kazi kwa masikio. Tujiulize basi, masikio hayo yanasikia lugha gani?

Wa kwanza kulalamika katika mifano niliyoitaja alikuwa ni kampuni kubwa ya simu yenye mawakili wake. Wateja wa dawa ya mikono nao walifaulu kwa kuwa malalamiko yao hayakuhitaji msamiati wowote: bei ya jana na bei ya leo zilionekana kwa macho. Lakini njama ya bei haionekani kwa macho, na unyanyasaji wa muuzaji umefichwa ndani ya kurasa kumi na tisa. Mkulima wa Makueni, mfugaji wa kuku wa Thika na mvuvi wa Shimoni hawatalilalamikia jambo ambalo hawajui kwamba ni kosa. Wataliita bahati mbaya. Wataliita mambo ya Nairobi. Wengine watasema ni mapenzi ya Mungu, na Mungu hahusiki kabisa.

Hebu tuyaangalie maneno yenyewe, kwa kuwa ndiyo shamba langu. Kila msimu wa siasa unapowadia, utawasikia viongozi wakiapa kupambana na makateli: makateli wa sukari, makateli wa mahindi, makateli wa chai, makateli wa dawa. Neno hilo limetumiwa mno hata limegeuka tusi la kumtupia yeyote usiyempenda. Kisheria, hata hivyo, linahusu jambo mahususi: washindani wanaokubaliana kupanga bei, kugawana wateja au maeneo, kupunguza bidhaa, au kupanga ni nani atakayeshinda zabuni. Neno linapomfaa kila mtu, halimkamati yeyote. Mwananchi aliyezoea kusikia kwamba makateli wako kila mahali hufikia uamuzi kwamba hawawezi kupatikana popote.

Au lichukue neno ukiritimba. Wataalamu wa uchumi hulitumia kwa maana ya mtu au kampuni moja kulihodhi soko lote. Lakini mitaani, na hata katika magazeti yetu, aghalabu limekuja kumaanisha mlolongo wa nenda-rudi katika afisi za serikali. Ukimwambia mtu kwamba kuna ukiritimba katika biashara ya saruji, huenda akadhani unazungumzia kucheleweshwa kwa leseni. Ushindani nao, kwa wengi wetu, ni mambo ya mpira na mitihani ya shule. Kuna hata wazee ambao kwao mtu mshindani ni mbishi asiyesikia la mkuu. Haya si makosa ya watu, kwani lugha huenda iendako na sisi wanaisimu hatuwezi kuifunga kamba. Ni makosa ya wanaotunga sheria kwa lugha moja na kuwaacha watu wajikokote na uvumi katika lugha nyingine.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu, na naziheshimu. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuyaeleza mambo haya. Hoja hii ilikuwa dhaifu hata zamani, na leo haina miguu kabisa. Majirani zetu wa Tanzania wana Sheria ya Ushindani tangu mwaka 2003, na taasisi zao, Tume ya Ushindani na Baraza la Ushindani, zinajulikana kwa majina hayo ya Kiswahili bila mtu yeyote kuumwa na kichwa. Mwaka 2021 walirekebisha sheria zao ili Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya sheria. Sisi wenyewe Katiba yetu ya mwaka 2010 inapatikana kwa Kiswahili, na Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zimekuwa na toleo la Kiswahili tangu mwaka 2019. Lugha iliyoweza kubeba Katiba haitashindwa na mkataba wa maembe. Njama ya bei, kuhodhi soko, zabuni ya kupangwa, nguvu za mnunuzi: haya ni maneno ambayo mama muuza mboga ataelewa maana yake hata kabla hujamaliza kueleza, kwa sababu mambo yenyewe anayaishi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami sitaki kuipita kwa kasi. Kuna watakaosema kwamba kinachomziba mdomo muuzaji mdogo si lugha bali ni hofu. Akilalamika, bidhaa zake zitaondolewa rafuni kesho asubuhi, na maduka makubwa ya kumpokea yanahesabika kwa vidole. Hiyo ni kweli. Shangazi mwenyewe, nilipomsimulia haya yote hivi karibuni, aliniambia kwamba hata angaliijua sheria ile, huenda angalinyamaza. “Mwanangu,” akasema, “ukiwa na soko moja, hata likikupiga teke unalishukuru.” Nilikosa la kumjibu mara moja.

Lakini nimelitafakari tangu siku hiyo, na jibu langu ni hili. Hofu na kutojua ni pacha wawili, na mmoja humlisha mwenzake. Mtu asiyejua kwamba anayo haki huhesabu hasara ya kulalamika peke yake. Hana cha kuweka upande wa pili wa mizani. Tena, asiyejua sheria hawezi kujua kwamba wapo wenzake mia wenye mkataba ule ule, na kwamba mia wakilalamika kwa pamoja hakuna rafu itakayowaondoa wote. Mnamo mwaka 2020, kampuni ndogo iitwayo Orchards, iliyokuwa ikiuza maziwa ya mtindi, ilishinda mbele ya Mamlaka katika malalamiko yake dhidi ya duka kubwa, na mwaka uliofuata Baraza la Ushindani likaunga mkono uamuzi huo. Adhabu ya wakati huo haikuwa hata shilingi laki mbili. Lakini bila kesi hiyo ndogo ya mtindi, sidhani kama ingekuwa rahisi kufika kwenye kesi ya mabilioni iliyofuata. Mmoja alisema, njia ikafunguka. Hofu haiondoki kwa hotuba. Huondoka mtu anapomwona mwenzake amesema na bado yu hai.

Hoja ya tatu ni kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya biashara, na anayetaka biashara ajifunze. Kwa hoja hii nina jibu fupi. Katiba yetu, katika Kifungu cha 7, inasema kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Haikusema Kiswahili ni cha kuombea kura na Kiingereza ni cha kutozia faini. Kifungu cha 46 kinampa kila mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma anazonunua. Habari usiyoielewa haijakufikia, hata kama imechapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kwa herufi kubwa.

Ningependa basi kupendekeza mambo machache, na sitaki yawe ya mbali. Kwanza, Sheria ya Ushindani pamoja na marekebisho yake yote itolewe kwa Kiswahili katika tafsiri rasmi, iliyofanywa na wanasheria na wanaisimu wakiketi meza moja. Nasisitiza meza moja, kwa sababu mimi ni ushahidi ulio hai wa kile kinachotokea mwanaisimu anapoachwa peke yake na mkataba: hufasiri maneno yote na kuikosa maana. Vyuo vikuu vyetu vina idara za Kiswahili zilizojaa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti. Wapewe kazi hii badala ya kuhesabu kwa mara ya kumi sitiari katika diwani ile ile.

Pili, uwepo mkataba wa mfano wa muuzaji na mnunuzi, wenye kurasa mbili au tatu, kwa Kiswahili sahili, ukiwa na yale mambo yote yanayotakiwa na sheria. Usambazwe kwa vyama vya ushirika, vyama vya akina mama na afisi za kaunti. Muuzaji akipewa kurasa kumi na tisa, aweze kuuweka ule mfupi kando yake na kuuliza: mbona tarehe ya malipo haimo humu?

Tatu, malalamiko yapokelewe kwa mdomo na kwa lugha aijuayo mlalamikaji, na kazi ya kuyaandika iwe ya ofisa. Mahakama za zamani za wazee hazikumfukuza mtu kwa kuwa hajui kuandika. Nne, kila uamuzi wa Mamlaka na wa Baraza uwe na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, ubandikwe sokoni na kusomwa redioni. Zamani tulibandika bei ukutani. Leo tubandike haki za mnunuzi na za muuzaji pale pale zilipokuwa bei.

Sidai kwamba haya yatamaliza njama zote. Kampuni kubwa zitaendelea kuajiri mawakili wazuri, rufaa zitachukua miaka, na kuna wakati siasa itainua simu na kuuliza kwa nini fulani anasumbuliwa. Lakini sheria ikijulikana na wengi, hata huyo anayeinua simu hujua kwamba anatazamwa.

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Nimekulia nikidhani kwamba methali hiyo inatoa shauri, kumbe inatoa shutuma. Mnyonge anayo haki. Tangu Januari 2017 imeandikwa katika sheria za Kenya. Imeandikwa tu mahali asipoweza kuisoma.

Mwezi uliopita nilikwenda Makueni. Shangazi amezeeka, lakini binti yake amenunua mashine nyingine, ndogo kuliko ile ya kwanza, na anafikiria kurudi kwa maduka makubwa ya Nairobi. Nilimpelekea karatasi mbili nilizoandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili, zenye mambo ambayo mkataba wowote lazima uwe nayo. Alizisoma akiwa amesimama, mlangoni, kwa muda wa dakika tano hivi. Kisha akainua uso akaniuliza: “Kaka, hii ni sheria kweli, au ni maoni yako?”

Nilimwambia ni sheria. Aliniangalia kama mtu asiyeamini.